Kitendawili cha Benidorm: Umma ulipochagua wimbo mmoja, majaji wakatuma mwingine

MZOZO uliozuka nchini Uhispania mnamo Januari 2022 kuhusu wimbo wa kuiwakilisha nchi hiyo katika shindano la Eurovision ungali funzo kwa kila taifa linalojaribu kuchanganya kura ya wananchi na uamuzi wa wataalamu.

Usiku wa Januari 29 mwaka huo, katika mji wa kitalii wa Benidorm ulio kwenye pwani ya mashariki ya nchi hiyo, kundi la wanawake watatu kutoka eneo la Galicia, Tanxugueiras, lilijizolea asilimia 70.75 ya kura zote zilizopigwa na watazamaji wa runinga.

Aliyetangazwa mshindi, hata hivyo, alikuwa Chanel Terrero, mwimbaji na mnenguaji ambaye alikuwa amepata asilimia 3.97 pekee ya kura hizo.

Kwa maneno mengine, kwa kila mtazamaji mmoja aliyempigia kura Chanel, karibu 18 walikuwa wamewapigia Tanxugueiras. Bado Chanel ndiye aliyekabidhiwa tiketi ya kwenda Turin, Italia, kuimba kwa niaba ya Wahispania wote.

Haikuchukua muda kabla ya ghadhabu kutanda. Wabunge wa vyama kadhaa, kikiwemo chama cha BNG kinachotetea maslahi ya Galicia, waliwasilisha maswali bungeni. Chama cha wafanyakazi katika Shirika la Utangazaji la Uhispania (RTVE), lililoandaa mchujo huo, nacho kilitaka maelezo.

Swali lililoulizwa na wengi lilikuwa jepesi kulitamka lakini gumu kulijibu: Je, wimbo wa taifa zima huchaguliwa na nani?

Hesabu zilivyofanyika

Ili kuelewa chanzo cha mzozo huo, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi kanuni za Benidorm zilivyoundwa.

RTVE ilikuwa imegawanya uamuzi katika mafungu matatu. Nusu ya alama zote zilikuwa mikononi mwa majaji wataalamu, ambapo asilimia 30 zilitoka kwa jopo la majaji wa nchini na asilimia 20 kwa jopo la majaji kutoka mataifa mengine.

Nusu iliyosalia ndiyo iliyoitwa sauti ya umma. Nayo ilikatwa vipande viwili vilivyo sawa: asilimia 25 kwa watazamaji waliopiga kura kwa simu na ujumbe mfupi, na asilimia 25 kwa kundi maalum la raia walioteuliwa kwa njia ya takwimu, kwa kuzingatia umri na maeneo wanakotoka, ili wawe mfano mdogo wa jamii nzima ya Uhispania.

Kwa kuutazama juujuu, mpango huo ulikuwa wa haki. Nusu kwa wajuzi, nusu kwa wananchi. Lakini kasoro ilikuwa imejificha katika namna kura za wananchi zilivyogeuzwa kuwa alama.

Kanuni zilisema kwamba aliyeongoza katika kura za watazamaji angepewa alama 30, wa pili 25, na wa tatu 20. Haikujalisha aliyeongoza alikuwa amemshinda mwenzake kwa kura moja au kwa kura laki moja.

Matokeo yake ni kwamba pengo la karibu asilimia 67 kati ya Tanxugueiras na Chanel katika kura za watazamaji liligeuka kuwa pengo la alama 10 tu. Hata kama wanawake hao wa Galicia wangepata asilimia 99 ya kura, bado wangepewa alama zile zile 30.

Majaji, kwa upande wao, walimpa Chanel jumla ya alama 51 huku Tanxugueiras wakiambulia 30. Hilo lilikuwa pengo la alama 21.

Katika kundi la raia walioteuliwa kwa takwimu, Tanxugueiras waliongoza tena kwa alama 30, naye Chanel akawa wa pili kwa alama 25. Yaani wananchi, kwa njia zote mbili walizopewa, waliwapa Tanxugueiras nafasi ya kwanza, lakini uongozi wao ukawa alama 15 kwa jumla.

Ukitoa 15 kwenye 21, zinabaki sita. Na hizo sita ndizo zilizoamua. Chanel alimaliza kwa alama 96. Mwimbaji Rigoberta Bandini, aliyewavutia wengi kwa wimbo wa kuwasifu akina mama, alikuwa wa pili kwa alama 91. Tanxugueiras, waliopendwa na umma kuliko wote, walimaliza wa tatu kwa alama 90.

Ni wazi basi kwamba hakuna kanuni iliyokiukwa usiku ule. Kilichotokea ni kwamba kanuni zenyewe zilikuwa zimeweka kikomo kwa ukubwa wa ushindi wa umma bila kuuweka umma wazi kwamba kikomo hicho kipo.

Shaka juu ya majaji

Jambo lililozidisha moto ni habari kwamba mmoja wa majaji wa nchini alikuwa amewahi kufanya kazi na Chanel katika shughuli za sanaa. Kwa wakosoaji, huo ulikuwa ushahidi kwamba mwamba ngoma huvutia kwake.

Watetezi wa mchujo walijibu kwamba ulimwengu wa burudani nchini humo ni mdogo na kwamba si rahisi kumpata mtaalamu wa muziki au dansi ambaye hajawahi kukutana kikazi na angalau mmoja wa washindani.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini haijibu swali la msingi. Tatizo halikuwa tu kwamba jaji alimfahamu mshindani. Tatizo lilikuwa kwamba watazamaji walilipata jambo hilo baada ya matokeo, wala si kabla.

Katika shughuli yoyote ya kuamua mshindi, iwe ya soka, ya zabuni au ya nyimbo, uhusiano unaotangazwa mapema huwa ni taarifa tu. Uhusiano uo huo ukifichuliwa baadaye hugeuka kuwa kashfa.

Aliyeumia zaidi ni msanii mwenyewe. Chanel, mzaliwa wa Havana nchini Cuba aliyelelewa Uhispania, alishambuliwa kwa matusi mitandaoni hadi akaufunga ukurasa wake wa Twitter. Hakuwa ameandika kanuni, hakuwa ameteua majaji, wala hakuwa amejipa alama hata moja. Alichofanya ni kupanda jukwaani na kuimba.

Lugha na utambulisho

Hasira za Galicia hazingeweza kueleweka bila kutazama historia ya lugha nchini Uhispania.

Tanxugueiras waliimba kwa Kigalicia huku wakipiga matari kwa mtindo wa wanawake wa vijijini mwao. Ingawa Katiba ya 1978 inaitambua lugha ya Kihispania kuwa ya taifa zima, inaruhusu pia lugha kama Kikatalani, Kibaski na Kigalicia kuwa rasmi katika maeneo yake. Hata hivyo, tangu Uhispania ijiunge na Eurovision mnamo 1961, haikuwa imewahi kutuma wimbo ulioimbwa kwa Kigalicia.

Kidonda hicho ni cha tangu zamani. Mnamo 1968, wakati wa utawala wa Jenerali Francisco Franco, mwimbaji Joan Manuel Serrat alikuwa ameteuliwa kwenda London. Alipotaka kuimba kwa Kikatalani, wakuu walikataa na nafasi yake ikachukuliwa na Massiel, aliyeimba kwa Kihispania.

Massiel alishinda kwa alama 29, moja tu zaidi ya Cliff Richard wa Uingereza. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uhispania katika shindano hilo, lakini kwa Wakatalani wengi kumbukumbu yake imebaki na uchungu ndani ya utamu.

Kwa hivyo, wimbo wa Kigalicia ulipopata zaidi ya theluthi mbili ya kura za watazamaji mnamo 2022, wengi waliona kwamba nchi ilikuwa tayari kujionyesha kwa sura nyingine. Majaji walipoamua vinginevyo, uamuzi wao haukusomeka kama wa kisanaa pekee. Ulisomeka kama mlango uliofungwa tena.

Wapo waliodai kwamba kura zile zilikuwa za Wagalicia waliohamasishana. Ni kweli kwamba katika upigaji kura wa simu, mtu mmoja mwenye ari na pesa anaweza kupiga zaidi ya mara moja, na kwamba jamii ndogo iliyoungana huweza kuishinda jamii kubwa iliyozubaa.

Lakini Galicia ina watu wapatao milioni 2.7 katika nchi yenye watu takriban milioni 47. Isitoshe, kundi la raia walioteuliwa kwa takwimu, ambalo liliundwa ili maeneo yote yawakilishwe, nalo liliwaweka Tanxugueiras mbele. Dai la uhamasishaji haliwezi kulieleza hilo.

Turin yabadilisha nyimbo

Kisha yakaja mambo ambayo wakosoaji wengi hawakuyatarajia.

Mnamo Mei 14, 2022, Chanel alipanda jukwaani mjini Turin na kuwaduwaza watazamaji wa Ulaya. Alimaliza wa tatu kwa alama 459, nyuma ya Ukraine iliyopata 631 na Uingereza iliyopata 466.

Yalikuwa matokeo bora zaidi ya Uhispania tangu 1995, Anabel Conde alipomaliza wa pili. Ikumbukwe kwamba katika mashindano sita yaliyofanyika kati ya 2015 na 2021, nchi hiyo haikuwahi kupata nafasi iliyo bora kuliko ya 21.

La kushangaza zaidi ni kwamba safari hii majaji na umma hawakutofautiana. Majaji wa mataifa ya Ulaya walimpa Chanel alama 231 na watazamaji wakampa 228. Katika orodha zote mbili, alikuwa wa tatu.

Waliokuwa wakimzomea mnamo Januari walimshangilia mnamo Mei. RTVE nayo ilipata la kujitetea: wataalamu waliona mapema jambo ambalo wananchi hawakuliona. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hata hivyo, hoja hiyo inafaa kupimwa kwa makini kabla ya kumezwa nzima.

Kwanza, hakuna ajuaye Tanxugueiras wangepata nafasi gani mjini Turin. Mafanikio ya Chanel yanathibitisha kwamba alikuwa chaguo zuri. Hayathibitishi kwamba lile jingine lingekuwa baya.

Pili, mfumo wenyewe haukuendelea kuzaa matunda. Mwaka uliofuata, majaji wakiwa bado na nusu ya alama, Benidorm ilimtoa Blanca Paloma, aliyemaliza nafasi ya 17 mjini Liverpool. Mnamo 2024 kundi la Nebulossa lilikuwa la 22 mjini Malmö. Mnamo 2025 Melody alikuwa wa 24 mjini Basel.

Kama nafasi ya tatu ni ushahidi wa hekima ya majaji, basi nafasi za 17, 22 na 24 ni ushahidi wa nini?

Ukraine na mfano wa kinyume

Katika mwaka uo huo wa 2022, Ukraine ilipitia kisa kinachofanana na cha Uhispania lakini chenye mwisho wa kinyume.

Katika fainali ya mchujo wa Ukraine mnamo Februari 12, majaji walimweka mbele mwimbaji Alina Pash, huku umma ukiwaweka mbele Kalush Orchestra. Alama zilipojumlishwa, Pash alishinda kwa 15 dhidi ya 14.

Siku chache baadaye, kulizuka maswali kuhusu safari yake ya mwaka 2015 katika rasi ya Crimea, iliyokuwa imetwaliwa na Urusi mwaka mmoja kabla. Mnamo Februari 16 alijiondoa, na Kalush Orchestra, chaguo la umma, wakachukua nafasi yake. Siku mbili baada ya uteuzi wao kuthibitishwa, majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine.

Kalush Orchestra ndio waliotwaa taji mjini Turin. Alama 439 kati ya 631 walizopata zilitoka kwa watazamaji, na hakuna mdadisi wa haki anayeweza kutenganisha kura hizo na huruma ya Ulaya kwa nchi iliyokuwa vitani.

Pamoja na hayo, ukiweka visa hivyo viwili pamoja, unapata jambo moja. Uhispania ilituma chaguo la majaji ikawa ya tatu. Ukraine ilituma chaguo la umma ikawa ya kwanza. Atakayetaka kuthibitisha kwamba upande mmoja daima una macho makali kuliko mwingine atalazimika kutafuta ushahidi kwingine.

Hata njia ya tatu, ya shirika la utangazaji kuteua mwakilishi bila mchujo wa hadhara, haina uhakika. Shirika la BBC la Uingereza lilitumia njia hiyo mnamo 2021 na mwakilishi wake, James Newman, akarudi bila alama hata moja. Mwaka uliofuata lilitumia njia iyo hiyo, na Sam Ryder akawa wa pili.

Uhispania yenyewe imejaribu karibu kila dawa. Mnamo 2008 umma ulimchagua mchekeshaji aliyejiita Rodolfo Chikilicuatre, akamaliza nafasi ya 16 mjini Belgrade. Mnamo 2017 wasanii wawili walifungana kwa alama. Majaji wakamchagua Manel Navarro ilhali watazamaji walikuwa wamempendelea Mirela, na Manel akamaliza wa mwisho mjini Kyiv akiwa na alama tano. Mnamo 2018 uamuzi uliachiwa umma, matokeo yakawa nafasi ya 23.

Wengine wanavyofanya

Mataifa mengine yamejaribu kuutatua utata huu kwa mbinu tofauti.

Uswidi, ambayo imeshinda Eurovision mara saba sawa na Ireland, hugawa uamuzi wa fainali ya mchujo wake kwa nusu mbili: majaji kutoka nchi za nje na watazamaji wa nyumbani. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba majaji wa Uswidi hawaulizwi ni wimbo upi unaifaa Uswidi. Wanaulizwa, kwa kuwa ni wageni, ni wimbo upi unawavutia wao.

Aidha, tangu 2019 kura za watazamaji wanaotumia programu ya simu hugawanywa kwa makundi ya umri, na kila kundi hutoa alama zake. Hivyo vijana wenye wakati mwingi na simu mkononi hawawezi kuzimeza sauti za wazee wao.

Italia nayo hutegemea tamasha la Sanremo, lililoanzishwa mwaka 1951, kabla hata ya Eurovision yenyewe kuzaliwa mwaka 1956. Mshindi wa Sanremo hupewa fursa ya kwanza, lakini halazimishwi. Mnamo 2025 mshindi, Olly, alikataa kwenda Basel na nafasi ikamwendea Lucio Corsi, aliyemaliza wa tano.

Siri ya Sanremo ni kwamba taji lake lina thamani nyumbani hata bila safari ya nje. Mcheza kwao hutunzwa. Waitaliano hubishana kuhusu mshindi, lakini ubishi huo hauhusu tu nani atawafurahisha wageni.

Maswali mawili, jibu moja

Hapo ndipo penye kiini cha kitendawili cha Benidorm. Mchujo wa taifa hubeba maswali mawili kwa wakati mmoja.

Swali la kwanza ni: Sisi ni nani, na tungependa wengine watuone vipi? Hilo ni swali ambalo hakuna mtaalamu anayeweza kulijibu kwa niaba ya wananchi.

Swali la pili ni: Ni wimbo gani utakaowavutia watu wasiotujua, wasioijua lugha yetu, na ambao watausikia kwa dakika tatu tu? Hilo ni swali la kiufundi, na mtu aliyefanya kazi jukwaani kwa miaka mingi huenda akalijibu vyema kuliko shabiki.

Watazamaji wengi wa Benidorm walikuwa wakijibu swali la kwanza. Majaji walikuwa wakijibu la pili. RTVE ilichukua majibu ya maswali mawili tofauti, ikayajumlisha, na kuyaita jibu moja.

Shirika linaloendeshwa kwa fedha za umma lina wajibu wa kusema wazi linatafuta jibu la swali lipi. Kama lengo ni ushindi, liwaambie wananchi kwamba kura yao ni ushauri. Kama lengo ni uwakilishi, likubali kwamba wananchi wanaweza kuchagua wimbo utakaomaliza wa 20, na kwamba hiyo ni haki yao.

Lisilokubalika ni kuwaomba watu watumie pesa zao kupiga kura, kisha kuwaeleza usiku wa manane kwamba asilimia 70 haitoshi. Wahenga walisema: Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Nchini Uhispania hawakuchukua taji, lakini walichukua imani yao na kuondoka nayo.

Hatua tatu zingepunguza mzozo. Kwanza, alama za umma zigawanywe kwa uwiano wa kura, ili ushindi mkubwa uonekane mkubwa. Pili, kila jaji atangaze uhusiano wake na washindani kabla ya shindano. Tatu, hesabu zote zichapishwe usiku uo huo.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayowanyima wataalamu nafasi yao. Zinachofanya ni kumwezesha anayeshindwa ajue ameshindwa vipi.

Gurudumu lageuka

Miaka mitatu baada ya Benidorm, RTVE ilijikuta upande wa pili wa meza. Katika fainali ya Mei 2025 mjini Basel, watazamaji wa Uhispania walitoa alama 12, ambazo ni za juu kabisa, kwa Israeli. Shirika hilo liliuomba Muungano wa Mashirika ya Utangazaji ya Ulaya (EBU) kuzikagua kura hizo.

Safari hii si wananchi waliowatilia shaka majaji. Ni waandaaji waliotilia shaka kura za umma, wakihofia kwamba kampeni zilizopangwa zilikuwa zimezielekeza.

Novemba mwaka huo, EBU ilipunguza idadi ya kura ambazo mtu mmoja anaweza kupiga kwa kila njia ya malipo kutoka 20 hadi 10, na kuwarudisha majaji katika nusu fainali za shindano la 2026. Utata uliozuka katika mji mmoja wa pwani ya Uhispania ulikuwa umefika katika ngazi ya bara zima.

Mwezi uliofuata, baada ya EBU kuiruhusu Israeli kushiriki, RTVE ilitangaza kwamba Uhispania haitakwenda Vienna mnamo 2026. Ireland, Uholanzi, Slovenia na Iceland nazo zilijiondoa.

Uamuzi huo haukupigiwa kura na watazamaji wala haukupewa alama na majaji. Ulifanywa na wakuu wa shirika, na kwa mara nyingine ukawakumbusha Wahispania kwamba swali la nani huchagua wimbo wa taifa lina kaka yake mkubwa: nani huamua kama taifa litaimba au litanyamaza.

Benidorm yenyewe haikuzikwa. RTVE ilisema tamasha la 2026 lingeendelea bila tiketi ya kwenda ng'ambo. Kwa hatua hiyo, mchujo wa Uhispania ulisogea karibu na mfano wa Sanremo, ambapo wimbo hutunzwa kwao kwanza.

Huenda hapo pakawa mahali pazuri pa kuanzia upya. Pasipo na wageni wa kufurahishwa, swali hubaki moja tu: Wananchi wenyewe wanaupenda wimbo upi? Na swali hilo, tofauti na lile la mwaka 2022, halihitaji kikokotoo kulijibu.